Gita la Mwenda Jean Bosco lilifungua njia mpaka Nairobi: Masisi na Walikale wajifunze nini?

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Katanga, ambao leo unaitwa Likasi, kijana wa miaka 22 hivi alipiga gita mbele ya mashine ya kurekodi. Hakuwa na orkestra wala ngoma. Aliimba kwa Kiswahili cha Congo, kile cha kusema «mutu» na «muke» bila kuona haya. Jina lake Mwenda Jean Bosco. Moja ya nyimbo alizorekodi mwaka huo iliitwa «Masanga», na kabla ya miaka kumi kwisha vijana wa Kenya walikuwa wanajifunza gita kwa kufuata vidole vyake.

Leo jina hilo halitajwi mara nyingi huku kwetu Kivu ya Kaskazini. Kijana wa Masisi-centre, wa Nyabiondo, wa Mubi au wa Ndjingala anayejitengenezea gita kwa ubao, bidoni na waya za breki ya baiskeli atakutajia nyimbo za Fally Ipupa na za Diamond Platnumz pasipo kufikiri. Lakini maisha yake yanafanana zaidi na ya Bosco kuliko ya nyota hao wawili. Ni mtu mmoja na gita moja, katika nchi ya madini, na Kiswahili cha kwao. Tena wote wawili wana swali moja: wimbo ukitoka mikononi mwako na kwenda mbali, jina lako linakwenda nao?

Mwaka mmoja, nyimbo mbili

Swali hilo si la Congo peke yake. Tarehe 13 Agosti ya mwaka ule ule wa 1952, mjini Los Angeles, Marekani, mwanamke mweusi aitwaye Willie Mae Thornton alirekodi wimbo «Hound Dog». Watu walimwita «Big Mama», kwa sababu ya umbo lake kubwa na sauti yake nzito. Alizaliwa Alabama mwaka 1926, na alikuwa mwimbaji wa bluzi, muziki uliozaliwa kati ya Weusi wa kusini mwa Marekani, watoto na wajukuu wa watumwa waliolima pamba. Wimbo huo ulitoka mwaka 1953, ukakaa wiki saba katika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya muziki wa Weusi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1956, kijana mzungu aitwaye Elvis Presley aliurekodi wimbo huo huo. Kwake ulikaa wiki 11 katika nafasi ya kwanza Marekani, ukazunguka dunia, na ukawa moja ya nguzo za muziki mpya waliouita rock and roll. Thornton alieleza baadaye kwamba yeye alipata hundi moja tu ya dola 500 kwa wimbo ule.

Tuwe wa haki: «Hound Dog» haukutungwa na Thornton. Uliandikwa na vijana wawili wazungu, Jerry Leiber na Mike Stoller, nao waliuandika kwa ajili ya sauti yake. Lakini namna ya kuuimba, ile ya kunguruma na kumcheka mwanaume mvivu, ilikuwa yake. Arthur Crudup, mwimbaji mwingine wa bluzi, yeye alitunga mwenyewe «That's All Right» na kuurekodi mwaka 1946. Mwaka 1954 wimbo huo ndio ulimfungulia Elvis mlango wa umaarufu. Crudup alifariki mwaka 1974 baada ya kuhangaika miaka mingi akidai pesa za nyimbo zake.

Mtu anayependa roki leo anajua jina la Elvis. Jina la Crudup analijua yule aliyefuatilia habari. Upande wetu wa dunia, Bosco yuko karibu na nafasi ya Crudup na Thornton: wengi waliocheza muziki uliotokana na gita lake hawakumjua.

Vidole viwili tu

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya zamani ya mwami Msiri wa Bayeke. Ndiyo maana wengi wanamjua pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Aliyemrekodi mwaka 1952 ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kusafiri nchi nyingi za Afrika akikusanya muziki. Katika mwaka huo huo Tracey alipita pia kaskazini-mashariki ya Congo, akarekodi Wanande, Wabira na Wambuti. Kwa hiyo mashine yake ya kurekodi ilifika hata katika jimbo letu.

Upigaji wa Bosco ulishangaza watu kwa sababu alitumia vidole viwili: dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba lilipiga nyuzi nene, likienda sawasawa kama hatua za mtu aliye safarini. Kidole cha shahada kilicheza juu yake kwenye nyuzi nyembamba, kikitangulia, kikichelewa, kikirudi. Mara hesabu ni ya mbili, mara ni ya tatu, na zote mbili zinasikika ndani ya gita moja. Asiyeona anaapa kwamba wanapiga watu wawili. Anayejua likembe hatashangaa sana, maana na huko vidole gumba viwili vinagawana kazi, kila kimoja na sauti yake, na wimbo unatoka katikati.

Bosco alichukua pia kwa wengine. Alisikia muziki wa asili wa Katanga na wa upande wa Zambia, santuri za vikundi vya Cuba, na magita ya filamu za cowboy zilizoonyeshwa katika miji ya migodi. Alivichanganya vyote, na kilichotoka kilikuwa chake. Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliuchunguza upigaji wake sauti kwa sauti na kuandika juu yake katika jarida «African Music» mwaka 1961 na 1962. Miaka mingi baadaye, mpiga gita Mmarekani Elijah Wald alisafiri mpaka Lubumbashi kujifunza kwake. Mmarekani aliyelelewa na bluzi alikuja kuketi kama mwanafunzi mbele ya mzee wa Congo.

Muziki wa watu waliohama

Bluzi na gita la Katanga vina mama mmoja, nao ni uhamiaji wa kazi. Huko Marekani, Weusi waliacha mashamba ya pamba ya Mississippi wakaenda viwandani. Muddy Waters, mmoja wa wakubwa wa bluzi, alihamia Chicago mwaka 1943, na huko gita lake likaunganishwa na umeme. Huku kwetu, kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilivuta watu kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi na vijiji vya Katanga yenyewe. Walikutana katika kambi za wafanyakazi, kila mmoja na lugha yake. Kiswahili kikawa lugha ya kambi.

Katika kambi hizo, mtu hakuweza kuja na ngoma zote za kijiji chake pamoja na wapigaji wake. Aliweza kununua gita kwa mshahara wake. Gita linabebwa begani, linapigwa na mtu mmoja, na halihitaji ruhusa ya mzee wala siku ya sherehe. Nyimbo zikawa za mambo ya mji: mapenzi, pesa zilizokwisha kabla ya mwezi, bibi aliyekwenda, safari, pombe, ndugu aliyesahaulika. Ni mambo yale yale ambayo mwimbaji wa bluzi aliyaimba upande wa pili wa bahari.

Bosco hakuishi kwa gita peke yake. Alikaa sehemu kubwa ya maisha yake Lubumbashi, akafanya kazi benki, akasimamia bendi, na akawa na hoteli huko Sakania karibu na mpaka wa Zambia. Hilo nalo ni somo: muziki uliojenga umaarufu wake katika nchi nyingi haukumtosha kulisha nyumba.

Nairobi inasikiliza

Santuri za Bosco zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini na kuuzwa katika nchi nyingi. Kiswahili ndicho kilizifungulia mlango wa Afrika Mashariki. Kiswahili cha Katanga si cha Mombasa, lakini Mkenya alisikia na kuelewa. Santuri ya Lingala ilipendwa kwa sauti yake, ile ya Bosco ilipendwa kwa sauti na kwa maneno pia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bosco mwenyewe alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni. Ndugu yake katika muziki, Edouard Masengo, naye kutoka Katanga, alikaa huko muda mrefu zaidi na kurekodi na wanamuziki wa Nairobi. Vijana waliokuwa wanasikia santuri tu sasa waliweza kuwasikia wenyewe hewani na kuwaona wakipiga. Upigaji wa vidole vya Katanga ukaenea katika miji na vijiji vya Kenya.

Kutoka kizazi hicho ndiko ulitokea muziki wa dansi wa Nairobi wa miaka ya 1960, ule wa twisti, ambao kwa vijana wa Afrika Mashariki ulikuwa kama roki kwa vijana wa Marekani. Studio ya Equator Sound ilikusanya akina Fadhili William na Daudi Kabaka. Baadhi ya nyimbo zao zilivuka bahari: «Helule Helule» ya Kabaka ilirekodiwa na kikundi cha Uingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. «Malaika», uliojulikana kwanza kwa sauti ya Fadhili William, uliimbwa na Miriam Makeba na wengine wengi duniani. Lakini mpaka leo watu wanabishana nani hasa aliutunga, maana huko Tanzania wako wanaosema ni wa Adam Salim. Wimbo unaojulikana dunia nzima hauna mtunzi anayekubaliwa na wote.

Si Bosco peke yake

Mtu asichukue habari hii akasema kwamba Wakenya walifundishwa kila kitu na Wakongomani. Si kweli. Fundi Konde wa pwani ya Kenya alikuwa mpiga gita kabla Bosco hajarekodiwa. Huko magharibi ya Kenya, George Mukabi alipiga gita la vidole kwa mdundo wa ngoma za Waluhya, na upigaji wake ukapewa jina lake wenyewe, omutibo. Muziki wa benga, uliokuja kutawala Kenya, ulitoka kwa Wajaluo walioweka mlio wa nyatiti, chombo chao cha nyuzi, ndani ya gita la umeme.

Bosco hakuwapa wapigaji hao muziki wao. Aliwaonyesha kwamba Mwafrika mmoja, kwa Kiswahili chake na kwa mdundo wa nyumbani, anaweza kulitawala gita, chombo cha kigeni, mpaka lisikike kana kwamba lilizaliwa hapa. Kila mmoja akaenda kwao kutafuta mdundo wake. Ndivyo hata bluzi ilivyofanya kwa roki. Elvis hakuimba kama Crudup kabisa, lakini bila Crudup asingejua pa kuanzia.

Umeme wa Kinshasa

Swali linakuja lenyewe: kama gita hili lilikuwa na nguvu hivyo, mbona lilisahaulika nyumbani?

Jibu la kwanza ni umeme. African Jazz ya Joseph Kabasele iliundwa mwaka 1953, OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Zilikuwa na magita ya umeme, saksafoni, waimbaji wengi, na Lingala ya mji mkuu. Redio kubwa, studio kubwa na pesa vilikuwa Kinshasa. Mtu mmoja na gita kavu hakuweza kushindana nazo ndani ya baa.

Jibu la pili ni kwamba wengi wa mashariki walioimba kwa Kiswahili walitafuta soko nje. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu mwaka 1947, wakati Kindu ilikuwa bado ndani ya Kivu kubwa, alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Watanzania wakampenda mpaka wakampa jina la Dokta. Baba Gaston kutoka Katanga alipitia Tanzania, akaishia Nairobi. Walijaza kumbi za wengine, na huku nyumbani tukabaki tunawasikia kwenye redio za nje.

Bosco hakusahaulika kabisa. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport nchini Marekani, mahali ambapo wazee wa bluzi walikuwa wanapewa heshima waliyonyimwa ujanani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alirekodi tena huko Afrika Kusini. Mwezi Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na miaka 60 hivi. Ukitafuta «Masanga» leo kwenye intaneti utaipata kwa dakika moja. Utaona wapiga gita wa Ulaya, Marekani na Japani wakiipiga. Kupata kijana wa Kivu anayeipiga ni kazi ngumu zaidi.

Walikale ina mfano wake

Ambaye anadhani mambo ya kurekodi ni ya Katanga peke yake, akumbuke habari ya Mwindo. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck alikutana na msimuliaji aitwaye Candi Rureke. Rureke alisimulia, akaimba na kucheza hadithi ya shujaa Mwindo kwa siku 12. Biebuyck na wasaidizi wake waliandika kila neno. Mwaka 1969 hadithi hiyo ilitoka kama kitabu huko California, kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha aliye Mnyanga mwenyewe. Leo inasomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi pamoja na hadithi kubwa za mashujaa wa dunia.

Tunamjua Rureke kwa nini? Si kwa sababu alikuwa msimuliaji pekee wa Wanyanga. Wasimuliaji walikuwa wengi, kabla yake na wakati wake. Tunamjua kwa sababu mtu aliandika jina lake, mahali pake na mwaka. Wengine wote, hata kama walikuwa hodari kumpita, wamekwenda na sauti zao.

Hesabu hiyo ni ya kuogopesha kwa mtu wa Masisi na Walikale. Kwa Bosco tuna santuri, na kwa Rureke tuna kitabu. Mzee wa Kihunde anayejua nyimbo za arusi za zamani, mama wa Kinyanga anayejua nyimbo za kulea watoto, mpiga inanga wa milima ya Masisi, hawa tuna nini chao?

Nyimbo za mashimo na za kambi

Masisi na Walikale leo zina yale yote yaliyozaa muziki wa Katanga na bluzi ya Marekani. Kuna madini: koltani ya Rubaya, kasiterite ya Bisie. Kuna vijana waliotoka vijiji vya mbali wakakutana kwenye mashimo, kila mmoja na kilugha chake, wakaongea Kiswahili. Kuna pesa inayokuja leo na kwisha kesho. Na juu ya hayo kuna kitu ambacho Bosco hakukijua kwa kiasi hiki: vita ambavyo vimehamisha vijiji vizima, vingine mara tatu, mara nne.

Watu wanaohama kwa vita wanabeba sufuria, godoro, mtoto. Ngoma ya kijiji mara nyingi inabaki. Kwaya inatawanyika, sauti ya pili iko Goma, ya tatu iko Minova. Katika kambi zilizokuwa kandokando ya Goma, kama Bulengo, ambako wengi wa Masisi walikimbilia, watu waliendelea kuimba kanisani, msibani na watoto walipocheza. Wimbo ni mali ambayo haiporwi njiani. Lakini unakufa kama anayeujua amekufa na hakuna aliyejifunza.

Upo pia wizi wa kimyakimya. Simu zimerahisisha kila kitu. Kijana anaimba kwenye shimo, mwenzake anamrekodi, sauti inapita kutoka memori kadi moja hadi nyingine, inafika Goma, Bukavu, Kampala. Baada ya miezi sita mtu mwenye studio anaweza kuuimba kwa vifaa vizuri na kuuweka kwenye YouTube kwa jina lake. Kijana wa shimo atathibitisha vipi kwamba ni wake? Ndiyo habari ya Crudup, ila sasa inakwenda kwa mwendo wa simu.

Mambo manne ya kufanya

La kwanza ni jina. Kila anayerekodi kwa simu aanze kwa kusema: mimi ni fulani, niko mahali fulani, leo ni tarehe fulani, wimbo huu nimeutunga mimi, au nimeupokea kwa fulani. Ni sekunde 20. Hugh Tracey alikuwa na mazoea ya kuandika mahali, kabila, chombo na wapigaji wa kila alichorekodi, na ndiyo maana kazi yake inatumika mpaka leo. Hifadhi aliyoianzisha mwaka 1954, ILAM, iko Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini, na imekwisha kurudisha baadhi ya sauti za zamani kwa vijiji vya Kenya zilikotoka. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, nalo lina mkusanyo mkubwa wa muziki wa Congo. Vyuo vyetu na vyama vya utamaduni vya Kivu vinaweza kuandika barua na kuuliza kuna nini chetu.

La pili ni nakala. Sauti iliyo katika simu moja ni sawa na mbegu iliyo katika mfuko mmoja. Simu ikianguka majini au ikiporwa, wimbo umekwenda. Mtumie ndugu aliye mji mwingine, mwachie mwalimu, peleka kwenye redio ya jamii. Redio hizo nazo zisifute kila kitu baada ya kipindi.

La tatu ni sheria. Congo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na inalinda si mtunzi tu bali pia mwimbaji na mpigaji wa chombo. Kazi ya kukusanya na kugawa pesa ilikuwa ya SONECA tangu 1969, na tangu 2011 ni ya SOCODA. Ni kweli kwamba wasanii wengi, hata wakubwa wa Kinshasa, wamelalamikia kiasi wanachopata. Lakini ambaye hakujiandikisha hana hata mahali pa kulalamikia. Ambaye hawezi kufika ofisini awe angalau na daftari: maneno ya wimbo, tarehe, sahihi yake na za mashahidi wawili. Chini ya Mkataba wa Berne, haki ya mtunzi inadumu angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, nyimbo alizotunga Bosco, aliyefariki 1990, bado zinalindwa mpaka mwisho wa 2040. Ni haki ambayo watoto na wajukuu wanaweza kuidai, wakiwa na uthibitisho.

La nne ni kujifunza. Kijana wa gita asikilize «Masanga» polepole, siku nyingi, mpaka dole gumba lake litembee bila kuangalia. Halafu afanye kile walichofanya Wakenya. Aiache «Masanga» kwa mwenyewe, aende kwa wazee wa kwao kutafuta mdundo ambao hakuna mwingine anao. Nchi iliyotoa hadithi ya Mwindo haikosi mdundo. Tamasha la Amani, lililoanza Goma mwaka 2014, lilionyesha kwamba watu wa mkoa huu wako tayari kujaza uwanja kwa ajili ya muziki, hata katikati ya shida.

Mji wa Jadotville mwaka 1952 haukuwa na kitu ambacho Rubaya au Ndjingala haina. Ulikuwa na migodi, vumbi, wageni na kijana mwenye gita. Tofauti ilikuwa mgeni mmoja aliyekuja na mashine na kuandika jina la aliyepiga. Leo mashine hiyo iko mfukoni mwa karibu kila kijana wa senta, na hakuna haja ya kumngoja mgeni. Kilichobaki ni kuandika jina.